HMS Enterprise, kruza iliyobeba wafalme wawili: maswali mnayoniuliza kila mara

Kila nikiigusia hii meli watu wananirudishia maswali yaleyale, mengine mazuri, mengine ya kunichokoza tu, kwaiyo nimeyakusanya hapa niwe nawaelekeza watu badala ya kuandika upya kila wiki. Mimi si mwanajeshi wala profesa. Nimekulia Kigamboni, nimevuka lile lango la bandari kwa pantoni kwenda shule miaka na miaka, na siku niliposoma kwamba manowari ya Kiingereza iliitwa Dar mbiombio kumchukua mtu mmoja tu sikuweza kuacha kuifuatilia. Nazungumzia zaidi ile miaka ya kati ya vita kuu mbili, maana vita vyake wengine wameshaandika sana.

Kruza ni kitu gani hasa, na hiyo "nyepesi" ni nyepesi kivipi?

Kruza ni manowari ya katikati. Juu yake kuna yale madude makubwa yenye mizinga minene na chuma kinene, ambayo hayatembei peke yake na yanakula bajeti ya nchi nzima, chini yake kuna destroya ambazo zina mbio lakini tangi lake dogo, zikienda mbali zinaanza kutafuta mafuta. Kruza ndo inayoweza kuondoka peke yake, ikakata bahari wiki nzima, ikafika sehemu, ikatisha watu au ikaokoa watu, ikarudi.

Sasa hiyo nyepesi usidhani ni kama ngalawa, Enterprise ilikuwa na tani 7,500 na ushee, urefu kama mita 174, ipime na uwanja wa mpira utaona inakaribia viwanja viwili. Kinachoitwa nyepesi ni mizinga. Mkataba wa London wa mwaka 1930 ulisema kruza yenye mizinga isiyozidi milimita 155 iwekwe kundi la nyepesi, yenye mikubwa zaidi ya hapo mpaka 203 ni nzito. Ya Enterprise ilikuwa 152, kwaiyo nyepesi, basi, hakuna siri nyingine hapo.

Na neno lenyewe "manowari" tumelitoa kwao haohao, kwenye lile jina lao la zamani la meli ya vita, "man-of-war", watu wa pwani wakalitamka walivyolisikia. Zanzibar walilijua vizuri sana, Agosti 27 mwaka 1896 meli za Kiingereza zililipiga jumba la Sultani na vita ikaisha ndani ya dakika kama arobaini.

Kwanini iliwachukua karibu miaka minane kuijenga? Siku hizi wanamlaumu mkandarasi kwa miaka miwili tu

Kwa sababu vita iliisha kabla ya meli. Waingereza walisikia Wajerumani wana kruza za mbio za kutega mabomu baharini, wakataka kitu chenye mbio zaidi, wakaagiza tatu: Emerald, Enterprise na Euphrates. Enterprise ilianza kujengwa Juni 1918 kule Clydebank, Scotland, kwenye karakana ya John Brown. Novemba mwaka huohuo vita ikaisha. Euphrates ikafutwa palepale, hizi mbili zikanusurika kwa sababu kazi ilishaanza, lakini haraka ikafa. Ikashushwa majini Desemba 1919, ikavutwa mpaka Devonport ikamaliziwe huko taratibutaratibu, hela zilikuwa hazitoki, na ikaingia kazini mwaka 1926. Yani meli iliyobuniwa kukimbizana na Wajerumani wa 1918 imekuja kuanza kazi wakati hao Wajerumani hawana hata jeshi la maana la majini.

Ilikuwa na kitu gani ambacho wenzake hawana?

Mbio kwanza. Mitambo yake ilikuwa kama ya destroya kubwa mbili imefungwa kwenye meli moja, boila nane, propela nne, nguvu ya farasi 80,000, ikifunguliwa yote inafika noti 33 yani kama kilomita 61 kwa saa. Kwa chombo cha tani elfu saba na kitu hiyo ni hatari.

La pili ni mizinga ya omo. Dada yake Emerald alikuwa na mizinga saba, kila mmoja umesimama peke yake na watu wake wako nje wakipigwa na mawimbi. Enterprise nayo ilikuwa nayo saba ila miwili ya mbele kabisa iliwekwa ndani ya nyumba moja ya chuma inayozunguka, kama majaribio. Jaribio likakubali, na muundo ule ukaja kuzaa nyumba za mizinga za meli zilizofuata, Nelson na zile kruza za aina ya Leander. Kwaiyo ukiona picha na hujui ni Emerald au Enterprise angalia pale mbele tu.

Uzuri wa sura hakuna. Dohani tatu zimekaa kwa umbali usiolingana, kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Mimi naipenda hivohivo.

Ilikuwa inafanya nini Bahari ya Hindi wakati hakuna vita?

Kuonekana. Nadhani hili ndo watu hawalielewi, wanatafuta mapigano kwenye historia ya meli ya miaka ya 1920 na 30 wanakuta hamna, wanasema basi ilikuwa inakula bure. Waingereza walikuwa na kikosi cha meli kilichokuwa na kituo Trincomalee, Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na eneo lake lilikuwa Bahari ya Hindi yote kwa ujumla, Ghuba ya Uajemi, Aden, visiwa, na mara kwa mara mwambao wetu. Enterprise ilipelekwa huko tangu 1926. Kazi ni kuzunguka bandari hadi bandari, kupiga mizinga ya salamu, nahodha anakula chakula cha jioni na gavana au sultani, mabaharia wanacheza mpira na timu ya mjini, mitaani watu wanaiona ile chuma imetia nanga na ujumbe unafika bila mtu kusema neno. Na redio iko wazi muda wote, likitokea jambo London inamtuma aliye karibu.

Mara moja moja walileta kundi zima. Januari 1924 Zanzibar ilipokea Hood na Repulse, madude makubwa kabisa ya wakati ule, wakiwa kwenye safari ya kuzunguka makoloni pamoja na kruza nyepesi Delhi, Danae, Dauntless, Dragon na Dunedin. Enterprise haikuwemo, ilikuwa bado iko kwa mafundi.

Ni kweli ilikuja Dar kumchukua mtoto wa Mfalme wa Uingereza?

Kweli kabisa, na hiki ndo kisa kilichonileta mimi hapa.

Mwaka 1928 Edward, mrithi wa kiti, alikuwa safarini Afrika Mashariki, Kenya, Uganda, akaingia Tanganyika, kuwinda na kustarehe, anaongozwa porini na Denys Finch Hatton. Novemba 21 baba yake Mfalme George wa Tano akaugua London. Mwanzo ilionekana kama homa ya kawaida, kumbe ni usaha kifuani na sumu imeshaingia kwenye damu. Waziri mkuu Stanley Baldwin akaanza kutuma simu za maandishi, moja, ya pili, zinakuja kwa lugha ya siri, lazima mtu akae azifumbue neno kwa neno.

Sasa picha hii: treni imesimama stesheni ya Dodoma, usiku, joto, na katibu wa mrithi, Alan Lascelles, amekaa na huyo Finch Hatton wanaifumbua simu ya mwisho na kali kuliko zote, rudi nyumbani mara moja. Anampelekea bosi wake. Bosi anajibu kwamba haamini, hiyo ni janja ya Baldwin ya uchaguzi. Lascelles mwenyewe ndo alikuja kuyaeleza haya baadae na inaonekana hakuwahi kumsamehe. Mtu yupo Dodoma anaambiwa baba yako anakufa na jibu lake ndo hilo! Ila mwisho alikubali, treni ikashuka Dar kwa ile reli ya kati waliyoijenga Wajerumani, na Enterprise ikapewa amri ya kuja kumpokea Dar.

Kumbuka Dar ya wakati ule haikuwa na gati la kina kirefu, hayo yamejengwa miaka ya 1950, kwaiyo hakuna meli kubwa ya kuegeshwa ukapanda kwa ngazi, meli inakaa kwenye maji na wewe unafuatwa na boti ufukweni. Mwanzoni mwa Desemba wakang'oa nanga, wakapanda kaskazini, Bahari ya Shamu, mfereji wa Suez, mpaka Brindisi kusini mwa Italia, akashuka hapo akapanda treni. Na treni hiyo aliandaliwa na nani? Mussolini. Liweke hilo jina pembeni tutalihitaji. Desemba 11 akawa London. Kesho yake madaktari wakampasua Mfalme wakatoa usaha na mzee akapona, akaishi mpaka Januari 1936.

Kwani kulikuwa hakuna ndege?

Za abiria huku, hapana. Ile njia ya ndege ya Waingereza kutoka London ilifika Mwanza mwaka 1931, Cape Town 1932. Mwaka 1928 ukiwa Dar na haraka yako chaguo ni meli ya abiria, ambayo inasimama kila bandari kupakia na kupakua na inakuchukua wiki tatu au zaidi, au uwe na baba mwenye manowari.

Je, ilikimbia noti 33 njia nzima?

Hapana na isingeweza, na hapa wengi wanachanganya. Dar mpaka Brindisi kwa njia ya Suez ni karibu maili 4,000 za baharini. Wametumia siku zisizofika kumi, kwaiyo fanya hesabu mwenyewe, wastani ni noti 17 kwenda juu, na ndani yake kuna mfereji ambao hairuhusiwi kukimbia kwa sababu mawimbi yatakula kingo.

Maji yana ubishi wake. Ukitaka meli iende mara mbili ya mwendo wake hauhitaji nguvu mara mbili, unahitaji kama mara nane, ndo hesabu ya jumla ya chombo kama kile. Kwaiyo noti 33 ni ya dakika za shida, ya kumkimbiza mtu au kumkimbia mtu, ukiishikilia siku mbili tatu tangi linakauka katikati ya bahari na huna pa kujazia. Dereva yeyote wa lori la Dar kwenda Tunduma anaijua hii, anayefika ni yule anayekanyaga mafuta kwa akili, yule wa kukanyaga mpaka chini utampita Mikumi ameegesha.

Baada ya hapo mpaka 1935?

Doria hiyohiyo, sina cha kukusimulia kirefu. Topido, yale mabomu yanayokimbia ndani ya maji, zikaongezwa, mirija ya kuzirushia 12 ikawa 16, minne minne kila fungu. Katikati ya miaka ya 1930 ikarudishwa Uingereza kufanyiwa matengenezo makubwa, ikawekewa na manati ya kurushia ndege ndogo ya upelelezi, afu ikarudi tena Bahari ya Hindi. Dada yake Emerald yeye alipata msukosuko zaidi, Machi 1927 alikuwa Nanking, China, akapiga mizinga pamoja na meli za Marekani wakati wageni wanavamiwa mjini.

Haya, na Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia?

Oktoba 3, 1935 Italia ya Mussolini iliivamia Ethiopia. Ndege, sumu ya gesi, vifaru, dhidi ya watu ambao wengi wana bunduki za zamani. Mwisho wa Machi 1936 jeshi la mfalme mwenyewe likavunjwa Maychew, akarudi Addis Ababa kukiwa hakuna tena kitu cha kuwazuia Waitaliano barabarani.

Walibishana kwelikweli kama aende porini apigane au atoke akaidai haki Geneva, makao ya Umoja wa Mataifa wa wakati ule. Alfajiri ya Mei 2 akapanda treni, ile reli ya Wafaransa ya kilomita 784 inayoshuka mpaka Djibouti, yeye na Malkia Menen, watoto, na baadhi ya wakuu. Tarehe 3 wakafika Djibouti, ambayo ilikuwa ya Ufaransa. Tarehe 4 wakapanda Enterprise. Tarehe 5 Waitaliano wakaingia Addis Ababa. Siku moja tu.

Jaribu kuwaza ile sitaha. Meli ya vita haina vyumba vya wageni, mabaharia kama 570 wanalala kwenye machela zilizoning'inizwa juu ya meza walizolia chakula, chuma kinachemka, Djibouti mwezi wa tano si mchezo, hata usiku upepo wenyewe ni wa moto. Wanapanda wanawake na watoto wa mfalme, makasha, mapadri, watu ambao juzi walikuwa na nchi. Ndo abiria wake.

Wakapanda Bahari ya Shamu, wakapita Suez, mfereji uleule ambao Waitaliano walikuwa wanapitisha askari na silaha kuja kumpiga na hakuna aliyeufunga. Mei 8 wakafika Haifa, Palestina, ambako nako kulikuwa kunawaka, Waarabu wako kwenye mgomo mkubwa dhidi ya Waingereza. Akaenda Jerusalem, akafikia hoteli ya King David, akasali. Baadae kruza nyepesi nyingine, Capetown, ikamchukua Haifa mpaka Gibraltar, na kutoka Gibraltar hakupewa manowari tena, alipandishwa meli ya abiria ya kawaida, Orford, akafika Southampton Juni 3. Juni 30 akasimama Geneva mbele ya Umoja wa Mataifa wa wakati ule, waandishi wa Kiitaliano wakampigia miluzi, akasubiri watolewe, akaongea.

Waingereza walimbeba lakini hawakumsaidia, mbona haieleweki?

Inaeleweka sana ukikaa chini. Kumbeba ilikuwa ni heshima isiyo na gharama, meli iko jirani, mafuta yapo, na mfalme akishikwa na Mussolini itakuwa aibu ya dunia nzima. Kumsaidia ingekuwa vita na Italia, au kuufunga mfereji, au kuinyima Italia mafuta, na walikuwa wanamuogopa Hitler zaidi wakataka Mussolini abaki upande wao. Kwaiyo masharti yakawa awe mgeni, asiendeshe vita akiwa chini ya bendera yao, na ile ya kumpa manowari nusu ya njia halafu meli ya abiria nusu iliyobaki mimi nasoma kama walikuwa wanampunguzia cheo kidogokidogo kadiri anavyokaribia London. Hayo ya mwisho ni maoni yangu, usinishike koo.

Kitu kingine, Tanganyika wakati huo haikuwa koloni la kawaida, ilikuwa dhamana chini ya Umoja wa Mataifa uleule wa Geneva. Yani chombo kilichoshindwa kumlinda mwanachama wake Ethiopia ndo kilikuwa mdhamini wetu sisi.

Hawa abiria wawili waliwahi kukutana mwaka ule?

Hapa ndo huwa naona utamu wa hii habari yote. Januari 1936 George wa Tano akafa na yule bwana wa Dodoma akawa Mfalme Edward wa Nane. Kwaiyo Enterprise ilipombeba Haile Selassie mwezi Mei, ilikuwa ni manowari ya mfalme ambaye iliwahi kumbeba yeye mwenyewe. Mgeni alipofika London waziri wa mambo ya nje Eden alitaka Edward ampokee, hata kwa dakika chache. Akagoma. Akamtuma mdogo wake, Duke wa Gloucester, ambaye mwaka 1930 ndiye alikwenda Addis Ababa kuhudhuria kutawazwa kwa Haile Selassie. Jamaa wawili wamelala kwenye meli moja, wamepita Suez moja, na mlangoni mmoja hakufungua.

Afu angalia tarehe. Edward alifika London kutoka Dar Desemba 11, 1928. Desemba 11, 1936 ndo siku aliyoacha kuwa mfalme kwa sababu ya kutaka kumuoa Wallis Simpson, na waziri mkuu aliyesimamia hilo ni Baldwin yuleyule wa zile simu. Miaka nane kamili. Haile Selassie yeye alirudi Addis Ababa Mei 5, 1941, miaka mitano kamili tangu Waitaliano waingie, na hiyo ya kwake haikuwa bahati, aliipanga siku makusudi.

Kulikuwa na watu wetu kwenye meli hizi?

Kwenye kikosi cha Bahari ya Hindi, ndio, kwa muda mrefu. Tangu karne ya 19 meli za Kiingereza za huku ziliajiri watu wa mwambao, wengi kutoka Zanzibar, wengine waliokuwa watumwa wakaachiwa huru baharini, wakawa wanaitwa Seedies, ni lile neno Sidi limepindwa. Kazi zao mara nyingi zilikuwa zile ambazo Mzungu anaanguka kwa joto, kuchochea makaa kwenye boila, kupaka rangi, kuvuta boti. Enterprise ilichoma mafuta, siyo makaa, kwaiyo ile kazi ya koleo ilishaanza kufa meli za namna hii zilipokuja. Majina yao mengi yaliandikwa ovyo, mtu anaandikwa jina la utani alilopewa na mabaharia na linakuwa ndo jina lake la kulipiwa mshahara.

Si ndo hii iliyozamishwa Rufiji?

Hapana jamani. Ile ni Königsberg, kruza nyepesi ya Kijerumani, vita ya kwanza. Septemba 20, 1914 iliipiga Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, ikajificha kwenye delta ya Rufiji, ikamalizwa Julai 11, 1915. Enterprise ilikuwa hata haijachorwa.

Au ile Enterprise ya Marekani ya vita ya Japani?

Hiyo ni meli ya kubebea ndege, imeanza kazi 1938. Jina tu.

Iliishia wapi?

Mwaka 1938 iliwekwa akiba, vita ya pili ikaitoa tena. Kwa kifupi: Julai 1940 ilikuwa Mers-el-Kébir, Algeria, Waingereza walipozipiga meli za Wafaransa, rafiki zao wa mwezi uliopita. Aprili 1942, ndege za Japani zilipozizamisha kruza Dorsetshire na Cornwall kusini magharibi ya Ceylon, watu walikaa majini zaidi ya saa 24 wakishikilia mbao, kuna mafuta, jua na papa, na Enterprise na destroya mbili wakaja wakawavuta 1,122 wakiwa hai. Baada ya hapo kikosi kikubwa cha Waingereza kilihamia Kilindini, Mombasa, wazee wa Likoni wa enzi hizo waliziona hizo meli zimejaa mpaka basi. Desemba 28, 1943 ghuba ya Biscay, yenyewe na Glasgow wakapambana na kundi zima la destroya na meli ndogo za topido za Kijerumani kwenye bahari chafu wakazamisha tatu, na meli ilikuwa na umri wa miaka 17 kazini. Juni 1944 ikapiga mizinga Normandy. Mwaka 1946 ikauzwa chuma chakavu, ikakatwakatwa Newport, Wales.

Naweza kwenda kuona nini leo?

Ya Enterprise yenyewe Dar hakuna kitu, hata kibao. Ukitaka kugusa chuma cha kruza ya zamani nenda Fort Jesus, Mombasa, kuna mzinga wa Königsberg na wa Pegasus, maadui wawili wamewekwa uwanja mmoja na watoto wa shule wanapandia kupiga picha. Dodoma stesheni ya zamani bado ipo mjini, shuka hapo usiku wa mwezi wa kumi na moja kabla mvua hazijaanza utajua lile joto lilivyokuwa. Na Dar, panda pantoni ya Kigamboni asubuhi, kaa upande wa kushoto ukitokea mjini. Lango ni jembamba kuliko unavyodhani, ikipita meli kubwa unaona inavyokwenda polepole na pantoni inaisubiri, watu wanalalamika wanachelewa kazini.